Meno ya Maji ya Chai

Redio imenifaa kwa jambo moja ambalo televisheni isingeniwezesha: mwaka wa kumi na tisa huu nazungumza nanyi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeyaona meno yangu. Basi leo nitawaeleza yalivyo. Ni ya kahawia. Mawili ya mbele, ya juu, yana michirizi iliyokolea kama kahawa iliyomwagikia karatasi, na kwenye magego kuna vishimo vidogo vidogo. Nilizaliwa Maji ya Chai, pale ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukishaipita Usa River. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani pana mgahawa uliosifika. Ni mto. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi, nasi tumekua tukiyanywa.

Nilipopelekwa shule ya bweni Dar es Salaam sikuhitaji kujitambulisha. "Wewe wa Arusha," wenzangu walisema hata kabla sijalitaja jina langu. Wapo walionionea huruma wakanigawia dawa zao za mswaki. Nilizipokea, nikasugua asubuhi na jioni kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Kilichobadilika ni fizi tu, zilianza kutoka damu.

Nimelikumbuka hili kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka 27, yuko mapokezi kwenye hoteli moja Dar es Salaam, na kazi yenyewe, ukiiangalia vizuri, ni kutabasamu. Wakati wa korona alivaa barakoa kama wenzake. Wenzake walipozivua, yeye alibaki nayo. Akiulizwa, anasema ana mafua. Mafua ya miaka miwili! Miezi michache iliyopita alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, hujambo baba?"

"Sijambo. Nimeamua kung'arisha meno. Kuna dawa nimeiona kwenye simu, wanakuletea mpaka mlangoni."

Nikamwambia asilipe kwanza, aje nyumbani, na aje na vile alivyokwisha kununua. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hiyo si dawa yake ya kwanza.

Alikuja na mfuko. Ndani yake: kopo la unga mweusi wa mkaa, kalamu ya kupaka, yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna kati yetu anayeisoma, kitaa cha buluu cha kung'ata mdomoni, ndimu tatu zilizoanza kunyauka, na pakiti ya magadi soda. Ndimu na magadi soda, alisema, ndivyo vilivyokuwa rahisi kuliko vyote na ndivyo vilivyomuumiza kuliko vyote. Hakuweza tena kunywa maji ya friji.

Sikushangaa. Kila mtu aliyewahi kula embe bichi anajua meno yanavyoingia ganzi. Ganda la juu la jino, lile linaloitwa enameli, ni gumu kuliko mfupa, lakini linayeyuka kwenye uchachu. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 huanza kupoteza madini yake. Maji ya ndimu yako kwenye 2 hivi. Ukiyapaka, kisha ukasugua kwa unga, unakwangua ganda lililokwisha kulainika. Siku ya kwanza jino litang'aa kweli, kama sakafu iliyopigwa msasa. Lakini ganda hilo halioti tena, na chini yake kuna dentini, ambayo rangi yake ya asili ni manjano. Kwa hiyo mtu anasugua manjano, na kadiri anavyosugua anaisogeza karibu na macho ya watu.

Hapa nitulie kidogo, maana wengi hatukuwahi kuambiwa kwamba jino zima huwa na umanjano. Enameli inapitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, na tunachokiona ni dentini kupitia ukungu huo. Chonge ni za manjano kuliko meno ya mbele hata kwa mtu msafi kabisa. Meno ya mzee ni ya manjano kuliko ya mjukuu wake kwa kuwa enameli imelika kwa miaka ya kutafuna. Ule weupe wa sinki jipya la chooni tunaouona kwa wasanii haupatikani kwenye kinywa cha mtu yeyote aliyeachwa kama alivyozaliwa. Umenunuliwa.

Nikamwuliza mpwa wangu swali ambalo daktari wa meno aliniuliza mimi zamani: hiyo rangi iko juu ya jino, au ndani?

Hakuwa amewahi kufikiri hivyo, na nadhani wauzaji wa kwenye simu wangependa asifikiri hivyo kamwe. Rangi ya juu ni ya vile tunavyopitisha mdomoni: chai, kahawa, sigara, tambuu, miraa, dawa ya maji ya kuongeza damu, hata ile dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ukiitumia kwa wiki kadhaa. Vyote hivyo hushika kwenye ukoga. Ukoga ukikaa hukomaa ukawa mgumu kama ukoko wa ndani ya birika, na hapo mswaki hauung'oi, uwe wa dukani au wa mti. Mwenye ukoga huo anahitaji kukwanguliwa na mtaalamu, basi. Jirani yangu mmoja, mvutaji wa miaka thelathini, alikuwa amejiandaa kulipia kupaushwa meno. Daktari akamwambia tuanze na kusafisha. Alirudi nyumbani mkewe akamtazama mara mbili, na hakuwa amepakwa tone la dawa ya kupausha.

Rangi ya ndani ni habari nyingine, na kioo kinaweza kukusaidia kuibaini. Jino moja tu limegeuka jivu au kahawia, na menzake ni mazima? Jiulize kama uliwahi kuanguka au kupigwa. Mshipa wa ndani umekufa, na masalia ya damu yameingia kwenye dentini. Kupaka dawa kwa nje ni kazi bure. Daktari hutibu mzizi kwanza, kisha hulipausha jino kutokea ndani. Mistari ya kijivu iliyokata meno yote kwa mlalo huenda ni ya tetrasaikilini, dawa ya vidudu ambayo mtoto hakupaswa kupewa kabla ya miaka 8, wala mama mjamzito. Hiyo ni ngumu kuliko zote. Kuipausha huchukua miezi, na wakati mwingine haikubali.

Na kama rangi imekwenda kwa pacha, jino la kulia na la kushoto yamefanana michirizi, na walio jirani zako nao wako hivyohivyo, basi wewe ni wa kwetu. Meno pacha hujengwa wakati mmoja, kwa hiyo huharibika wakati mmoja. Mhusika ni floraidi.

Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ina floraidi nyingi. Maji yanapopenya humo huichukua na kushuka nayo kwenye chemchemi na mito yetu. Hatuko peke yetu. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa zina tatizo hili, kuanzia Uhabeshi, kupitia Naivasha na Nakuru, hadi kwetu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mito na chemchemi kadhaa za Meru hupita kiwango hicho mara nyingi. Tanzania yenyewe, kwa kuwa sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine, iliwahi kuruhusu mpaka miligramu 8, ikashuka hadi 4, na ni miaka ya karibuni tu ndipo ikafika 1.5. Mimi na mpwa wangu tumeota meno katika zama tofauti, na tumetoka sawasawa.

Kinachonigusa zaidi ni saa ya tukio. Floraidi haiwezi kuharibu hivi jino lililokwisha kutoka. Hufanya kazi wakati jino bado liko ndani ya taya linajengwa, na kwa meno ya mbele hiyo ni miaka mitatu ya mwanzo ya uhai. Enameli hujengwa nusunusu, ikabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino hutoka likiwa na mawingu meupe kama chaki. Ukahawia huja baadaye, vile vitundu vikinyonya rangi. Kwa hiyo meno yangu yaliharibika kabla sijayapata, na wale wanafunzi walionigawia dawa ya mswaki walikuwa wanasafisha kitu kisichokuwa uchafu.

Wamarekani waliwahi kupita njia hiyohiyo. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kazi Colorado Springs akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Kila mtu alikuwa na maelezo yake: wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. McKay alihangaika na jambo hilo miaka thelathini. Alishuku maji mapema, lakini vipimo vya zama zake havikuona kitu. Ndipo mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya aluminiamu ya ALCOA, H. V. Churchill, alipoyapima maji ya mji mwingine wenye tatizo hilohilo, Bauxite wa Arkansas, kwa chombo kipya, akaikuta floraidi. McKay alikuwa ameona pia jambo la ajabu: meno hayo ya kahawia hayaozi ovyo. Kutokana na uchunguzi huo, mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuongeza floraidi kidogo kwenye maji yake ili kuzuia meno kuoza. Wao waliongeza, sisi tulikuwa tunatafuta pa kuitoa.

Na hatukuipata kwenye maji tu. Huko kwetu na kwa majirani zetu wa Kilimanjaro, makande na maharage hulainishwa kwa magadi, yale mawe ya kijivu yanayochimbwa ziwani upande wa Natron. Hupunguza kuni na muda, na ladha yake sisi tunaipenda. Yana floraidi. Wataalamu wamewakuta watoto wenye meno ya kahawia hata katika vijiji ambavyo maji yake ni mazuri, na njia ikaishia jikoni. Msiyachanganye na magadi soda ya dukani, ile ya maandazi. Hiyo haina lawama katika kesi hii. Lakini mpwa wangu aliponiambia amesugua meno kwa magadi soda nilicheka peke yangu, nikiyakumbuka makande ya bibi yake.

Dada yangu alipolea alichemsha maji kila siku kama alivyoambiwa kliniki. Alifanya vizuri, homa ya matumbo haikuingia ndani ya nyumba yake. Ila kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo inakolea. Hakuna aliyemwambia, na mpaka leo wapo akina mama wasioambiwa. Kinachoitoa ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaratibu maalumu, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiishughulikia miaka mingi. Au kinga maji ya mvua kwenye tanki na umtengee mtoto mdogo hayo ya kunywa na ya uji. Kama hayatoshi wote, kaka zake wakubwa waendelee na ya bomba. Meno yao ya mbele yamekwisha kujijenga. Dawa ya mswaki pia, kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, iwe kiasi cha punje ya mchele, akifika mitatu iwe punje ya njegere. Lile tangazo la dawa iliyojaa mswaki mzima si la watoto, na kwa kweli si la mtu yeyote.

Turudi kwenye mfuko. Mkaa niliuweka kando. Unasugua, na unaweza kupunguza doa la juu, lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hayakukuta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama wala kwamba unafanya kinachosemwa. Kitaa cha buluu hakipaushi chochote peke yake. Kalamu ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa sababu hatukujua ina nini ndani wala kiasi gani.

Dawa inayopausha meno kweli ni peroksaidi, ndugu wa ile tunayooshea vidonda. Hupenya enameli na kuvunja chembe za rangi, haikwangui. Njia ya kuitumia nyumbani iligunduliwa kwa bahati: miaka ya 1960 huko Fort Smith, Arkansas, daktari wa kupanga meno, Bill Klusmier, aliwapa wagonjwa dawa yenye peroksaidi watibu fizi, akaona meno yanakuwa meupe. Mwaka 1989 Haywood na Heymann wakaandika utaratibu wake rasmi: kifuniko chembamba cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la meno yako, kinatiwa jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, unalala nacho, wiki mbili hivi au zaidi. Asilimia 10 hiyo ni sawa na takriban 3.5 ya haidrojeni peroksaidi. Naitaja hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu wauzaji hucheza na namba hizo mbili. Umoja wa Ulaya, tangu 2012, hauruhusu bidhaa yenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 kuuzwa moja kwa moja kwa mteja; kuanzia hapo mpaka 6 lazima ianzie kwa daktari wa meno, na si kwa aliye chini ya miaka 18. Huku kwetu unaletewa mlangoni na kijana wa bodaboda. Tulikwisha kuwa na mkorogo wa ngozi, sasa tunao wa meno.

Hata ikitumiwa vizuri, peroksaidi humfanya mtu ashtuke kwa maji baridi kwa siku kadhaa, kisha hupoa. Ikiwa kali, ikagusa fizi, huziunguza. Kwenye jino lililotoboka inaweza kuingia ndani kabisa, kwa hiyo mashimo huzibwa kwanza. Tena haipaushi mazibo wala kofia ya jino: aliyezibwa jino la mbele akapausha mengine, zibo lake litabaki na rangi ya zamani, likijitangaza.

Na kwa meno ya Maji ya Chai, peroksaidi peke yake huwa na hila. Hupunguza kahawia, lakini yale mawingu ya chaki yanaweza kuwa meupe zaidi, hasa mwanzoni, jino likawa na mabaka. Ndiyo maana daktari aliyempokea mpwa wangu hakuanza nayo. Alimfunga mpira wa kukinga fizi, akachukua asidi ya kipimo iliyochanganywa na unga wa pumisi, akasugua meno mawili ya mbele, sekunde chache, akasuuza, akasugua tena. Kinachoondoka ni ganda jembamba kama ukurasa wa kitabu, mahali hasa kahawia ilipokaa. Pumisi ni lile jiwe jepesi ambalo dada zetu hulisugulia visigino, na ni jiwe la volkano. Nilipenda jambo hilo, sikuweza kulinyamazia: volkano ilitutia doa na volkano inalifuta. Daktari alicheka kwa adabu, nadhani alikuwa anahesabu wagonjwa waliobaki nje.

Mtanikosoa: si ulisema kukwangua ni vibaya? Nilisema. Tofauti ni kwamba huyu anajua anakwangua kiasi gani, anafanya mara moja, na fizi zimefunikwa. Baada ya hapo ilifuata jeli ya usiku kwa wiki tatu. Vishimo viwili vilizibwa kwa dawa ya rangi ya jino. Daktari alimtajia pia vigamba vya kauri, wanavyoviita vinia, kisha akamshauri asiviwaze bado: jino hupunguzwa ili kigamba kikae, halirudi lilivyokuwa, na kigamba chenyewe kitahitaji kubadilishwa siku moja. Kwa kijana wa miaka 27 hiyo ni ahadi ya kulipa maisha yote. Yeye aliye na meno yaliyomeguka sana huenda hana njia nyingine, na simlaumu.

Mimi daktari alinitazama kinywani bila kuombwa, akauliza kama nami nataka. Nilimwambia nifikirie. Bado nafikiria; kazi yangu ni ya redio.

Kijana sasa hana mawingu mengi, hana kahawia, na hana ule weupe wa sinki. Ana meno ya mtu. Barakoa ameivua. Alijipiga picha akamtumia mama yake kule nyumbani, na dada yangu akamwonyesha kila aliyepita barabarani. Jioni akanipigia simu, tukasalimiana, akaisifu kazi ya daktari, akamwombea dua. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Kaka, sasa huko mjini watamjuaje kwamba ni wetu?"